Filta za Alfa Nyekundu

Lusaka, 3 Septemba 2024

Idrissa,

Sikusalimu. Salamu ningeitoa wapi, na mimi tangu asubuhi nimekaa kwenye benchi la hospitali nikimtazama mume wangu kupitia kioo?

Alexis yu hai. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, basi nimekujibu. Sasa niache niseme yangu. Ameungua mikono yote miwili, shingo na upande wa kushoto wa uso. Moshi aliouvuta umemharibu koo. Wamemwingiza mpira wa kupumulia, hawezi kutoa hata neno moja. Fils, mdogo wake, ndiye aliyetafuta ambulansi ya kutuvusha mpaka wa Kasumbalesa, na ndiye anayelipa kila kitu hapa. Bila Fils, sasa hivi ningekuwa nimevaa nguo nyeusi.

Umekuja kwetu Makomeno miaka yote hii. Umekula mezani kwangu. Ile Alfa nyekundu aliyoachiwa na marehemu baba yake, Alexis hakumruhusu fundi mwingine yeyote aiguse, hata kubadilisha oili tu. Watu wa parquet, ofisi ya mashtaka, waliochunguza mabaki wamemwambia Fils kwamba kabureta zote mbili zilikuwa wazi kabisa. Hakuna filta hata moja. Moto ulianzia hapo, ukamfuata kwenye kiti chake mbele ya watu wote waliokuja Karavia kutazama magari ya zamani.

Mimi si fundi. Lakini masikio ninayo. Nilikusikia wewe mwenyewe, nikiwa nawatilia chai, ukimwambia mume wangu kwamba kutembeza gari lile bila filta ni kucheza na moto. Sasa ju ya nini ulimpa gari bila filta?

Nataka jibu lililoandikwa kwa mkono wako. Mkeo Ramla anaweza kulikabidhi kwa dereva wa basi, atanifikishia.

Clotilde Ntumba


Lubumbashi, gerezani, 11 Septemba 2024

Shemeji Clotilde,

Mimi nakusalimu, hata kama hutaki. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba Alexis yu hai, nilishindwa kuendelea. Nilikunja karatasi nikakaa nayo mkononi mpaka wenzangu wakauliza kama nimefiwa. Hapa hakuna anayetuambia chochote. Nilidhani wananificha kifo chake.

Shemeji, mimi nilifunga filta. Ngoja nikueleze yote, uone kama huu ni uongo wa mtu anayetaka kujiokoa.

Mnamo Juni Alexis alikuja garaji kwangu Kamalondo. Akaniambia, "Idrissa, hii motokari inapumua kama muzee. Minataka ipumue kama kijana." Lile boksi la zamani lenye filta ya karatasi lilikuwa linaibana kweli, ukikanyaga mafuta, motor inaomba hewa na haipati. Yeye alitaka tulitupe boksi tuache zile tarumbeta za kabureta, midomo ya kuvutia hewa, zikiwa wazi, kama magari ya mashindano anayoyatazama kwenye simu. Nikakataa. Nikamwambia, "Hapa kwetu mwezi wa nane barabara yote ni vumbi jekundu. Motor ikila ile vumbi, silinda zinasagika kama kisu kwenye jiwe. Na kuna jambo lingine baya zaidi: siku motor itakohoa moto kupitia kabureta, filta njo inazuia. Bila filta, ule moto unatoka inje."

Tulibishana vizuri, kama kawaida yetu. Akaleta filta za sponji alizozipata sokoni. Nikazibonyeza mbele yake, zikaacha unga kwenye vidole; nikamwambia vile vipande vitaingia ndani ya motor. Mwishoni tukachagua za pamba, zile zinazopakwa mafuta kidogo, moja kwa kila kabureta. Nilichagua zenye kina, ili mdomo wa tarumbeta usibanwe na kifuniko. Kisha nikatengeneza njia ya bati ya kuleta hewa baridi kutoka mbele, pembeni ya radieta, maana hewa ya moto ya chini ya kapo, yaani boneti, haina nguvu. Halafu nikabadilisha jikleri, vile vitundu vinavyopima esanse, yaani petroli, nikavilinganisha na hewa inayopita kwenye hizo filta. Hayo yote yanakwenda pamoja, shemeji. Ukitoa filta bila kugusa jikleri, hewa inazidi esanse, na motor inaanza kukohoa ule moto niliokuambia.

Jumamosi, siku moja kabla ya moto, alikuja kulichukua. Tukafungua kapo pamoja, akazigonga filta kwa kidole, akacheka. Jumapili sikwenda Karavia kwa sababu tulikuwa na mazishi ya shangazi yake Ramla.

Mtu alizitoa. Sijui nani, wala sijui kwa nini. Muulize Alexis. Kama hawezi kusema, afumbe jicho tu. Nakuomba.

Idrissa Asani


Lusaka, 21 Septemba 2024

Idrissa,

Daktari amekataza asiulizwe kitu cha kumsumbua. Kila wakimfungua bandeji kitanda kizima kinatetemeka. Unataka nisimame pale nimuulize habari za pamba na bati?

Nimemuuliza Fils. Alikuja hapa juma hili kuleta pesa za hospitali. Siku ile alikuwa na kaka yake tangu walipotoka nyumbani hadi moto ulipowaka. Ni yeye aliyemvuta nje ya gari, na mkono wake una kovu. Anasema kapo halikufunguliwa hata mara moja. Aliapa akilia.

Nimwamini nani? Yule aliyeingia motoni au yule aliyekuwa mazishini?

Usiniandikie tena.

Clotilde


Lubumbashi, gerezani, 2 Oktoba 2024

Shemeji,

Umenikataza, nami naandika. Unaweza kuichana barua hii bila kuisoma, ila mimi sina mtu mwingine wa kumwambia hili. Ramla siwezi kumwambia. Akija, namwambia nalala vizuri.

Fils alikuja kunitembelea. Hakuna mtu mwingine wa upande wenu aliyewahi kufika. Aliniletea sabuni, mikate na dawa ya kikohozi, tukakaa kwenye kile kiti kirefu cha wageni. Nilitegemea anitukane. Badala yake alinishika mkono. Akaniambia, akiniita kaka, "Yaya Idrissa, bantu banasahau. Ulikuwa na kilio, ulikuwa na kazi mingi. Pengine ulizitoa ju ya kuzisafisha, ukasahau kuzirudisha. Kubali tu, bataona ni bahati mubaya. Mi nitakutafutia avocat muzuri, utatoka mbio."

Nikamwambia, "Fils, mimi nilizifunga." Akainamisha kichwa, akalia. Sijawahi kuona mtu mwenye moyo kama huo. Kaka yake amelala hospitali kwa ajili ya kazi yangu, naye anakuja kunifariji.

Tangu siku hiyo nimeharibika akili. Wakili niliyepewa naye anasema hivyo hivyo: nikikiri kwamba nilisahau, mambo yatakwisha upesi. Sasa kila nikifumba macho naiona garaji yangu. Naziona filta juu ya meza ya kazi. Je, niliziona hapo Jumamosi, au ni wiki iliyotangulia nilipokuwa nazipaka mafuta? Naiona mikono yangu ikikaza zile nati, halafu naiona haikazi. Nilikuandikia kwamba Alexis alizigonga kwa kidole. Leo siwezi kuapa kama alizigonga, au kama ni mimi niliyetaka awe amezigonga.

Mikono hii ndiyo kitu pekee nilichokiamini maishani. Kama inaweza kunisahaulisha jambo kubwa namna hii, basi huenda kweli nimemchoma rafiki yangu.

Idrissa


Lusaka, 10 Oktoba 2024

Ndugu Idrissa,

Barua yako imefika. Sikuichana.

Wamemtoa Alexis mpira wa koo. Anaongea kidogo, kwa sauti kama ya karatasi inayokwaruzwa. Hali ya vidonda inaendelea vizuri, daktari anaridhika. Huku joto limeanza, mvua bado. Muuguzi wetu, dada mmoja anayeitwa Mwansa, ni mwema sana, anatusaidia kwa kila kitu. Chakula cha huku nimekizoea.

Msalimie Ramla. Mwambie nashukuru kwa kufikisha barua.

Usisaini chochote.

Clotilde


Lubumbashi, gerezani, 17 Oktoba 2024

Shemeji Clotilde,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Umeniandikia habari za joto na mvua. Umeniandikia habari za muuguzi. Alexis anaongea, unasema, lakini hukusema anaongea nini.

Halafu mwishoni, "Usisaini chochote." Kwa nini nisisaini? Mtu hawezi kuambiwa hivyo bila sababu. Kama umejua kitu, unakijua wewe ukiwa umekaa penye feni na maji safi, na mimi nipo hapa nimekonda hadi Ramla amenishonea suruali upya. Nina homa inayokuja na kwenda. Wateja wangu wamekuja kuchukua magari yao, wengine bila hata kuniulizia. Mwenye nyumba ametuma mtu kuangalia garaji kama kuna anayeitaka.

Na kama hujui kitu, basi usinipe matumaini, maana matumaini ndiyo yanayoniua. Nikiamini kwamba nilisahau, angalau nalala.

Wakili anakuja Jumatano na karatasi. Nitatia saini. Sifanyi hivyo kwa hasira. Nimechoka kutoijua mikono yangu.

Mwambie Alexis anisamehe. Mwambie kwamba sikukusudia.

Idrissa


Lubumbashi, Makomeno, 22 Oktoba 2024

Shemeji Idrissa,

Ninaandika nikiwa nyumbani kwangu. Nilipopata barua yako nilipanda basi la kwanza. Leo ni Jumanne. Ramla anakuletea hii sasa hivi, na kesho wakili wako akija atakuwa ameshajua. Usiombe msamaha kwa mtu yeyote. Ulizifunga. Alexis alizigonga kwa kidole, ni kweli kabisa, amenieleza mwenyewe.

Siku walipomtoa mpira, neno lake la kwanza lilikuwa jina la Fils. Nikadhani anataka kumshukuru. Akaniambia yote kidogo kidogo, akipumzika katikati. Asubuhi ile walifika Karavia mapema. Kulikuwa na magari mengine, na wenye magari wanavumisha motor zao, watu wanakusanyika. Fils akasema, "Yaya, yetu inalia mbaya, ni kama inafunikwa na blanketi. Tutoe zile mafiltre, bantu basikie." Alexis akamwambia Idrissa atachukia. Fils akacheka: "Idrissa haiko hapa. Tunazunguka mara moja tu, tunazirudisha." Fils akazifungua mwenyewe kwa ufunguo wa nati wa Alexis, na Alexis akawasha. Anasema ililia vizuri sana, watu wakapiga makofi. Kwenye kona ya pili ikaanza kukohoa. Mengine unayajua.

Nilimwambia, "Idrissa iko mu gereza ju yenu." Hakujua. Fils alikuwa amemwambia kwamba uko nyumbani. Alilia, na machozi yakamchoma kwenye uso. Lakini alipotulia alinishika nguo kwa ile mikono yenye bandeji, akaniambia, "Ngoja kwanza. Ukisema, batamufunga Fils. Fils njo anatulipia hapa. Na ni mutoto wa mama yangu. Idrissa atatoka, hawana kitu juu yake. Ngoja."

Nikangoja. Ndiyo maana niliandika habari za mvua. Kila nilipotaka kuandika jambo lenyewe nilimwona Mwansa akija na dawa, na nikajua ni nani aliyezilipia. Nilifikiri neno moja la kukuzuia kusaini lingetosha kwa muda. Sikujua kwamba ile shaka yako imefika mahali pa kuamini. Hilo ndilo lililonitoa Lusaka. Kumwacha mtu amefungwa ni ubaya; kumwacha ajihukumu kwa jambo ninalojua hakulifanya, sikuweza.

Nilimuaga Alexis. Nilimwambia ninakokwenda. Akasema, "Ukienda kule, umeniulia ndugu." Akageukia ukuta.

Jana nilikwenda kwanza Ruashi, kwenye ile nyumba mpya ya Fils. Sikutaka asikie habari hizi kutoka kwa askari. Alinifungulia mlango akiwa peku, na aliponitazama tu akajua.

"Alisema?"

"Alisema."

Akakaa kwenye ngazi. "Mi sikukuwa na roho ya kumufunga yaya Idrissa," akasema. "Nilisema moja tu: kama banakamata mimi, nani atalipa Lusaka? Yaya Alexis apone kwanza. Akishapona, mi mwenyewe nitakwenda kusema. Nilikwenda kumuona kule ju akubali, atoke mbio, kila muntu abaki muzima."

"Idrissa anaumwa, Fils. Anaamini ni yeye."

Akaingia ndani, akatoka na filta mbili zimefungwa kwenye taulo. Hata njia ya bati uliyoitengeneza ilikuwa hapo, imepinda. Nilimuuliza kwa nini hakuzitupa. Akasema, "Zilikuwa kazi yake muzuri. Nilishindwa."

Nilidhani atanifukuza. Alivaa viatu, akaniambia tungoje apige simu kwa yule anayemwangalizia duka, kisha tukaenda pamoja parquet. Yeye ndiye aliyesema mbele yao, mimi nikaongeza ya Alexis. Walimbakiza hapo. Mimi wakaniambia nirudi nyumbani.

Narudi Lusaka kesho alfajiri. Sijui nitamwambia Alexis nini.

Clotilde


Lubumbashi, Kamalondo, 4 Novemba 2024

Shemeji mpendwa,

Nimetoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha, kama mtu anayengoja mgeni, na mgeni hakuja. Langoni walikuwa wanaingiza watu, na Fils alikuwa katikati yao. Tulipishana karibu sana. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyakusanya kwa ajili ya mtu aliyenifanya nishuku mikono yangu mwenyewe. Nikamwangalia, naye akanyanyua ule mkono wake wenye kovu, ukaishia hewani. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu.

Kwa siku kadhaa sikuingia garaji. Nilipoingia, nilichukua nati moja, nikaikaza, nikailegeza, nikaikaza tena, hadi Ramla akaninyang'anya ufunguo.

Kuna jambo nataka ulijue kabla hujalisikia kwa watu. Fils hana mke, na jamaa zake wengine wako Mbuji-Mayi. Mle ndani mtu asiye na wa kumletea chakula anateseka. Ramla ameanza kumpelekea. Tuligombana sana. Nilimwambia, "Huyo alikuwa tayari nioze mule." Akanijibu, "Minajua. Lakini ile njia ninaijua, na mlinzi ananijua, na sufuria ni ile ile." Nilinuna. Leo asubuhi nimemkuta akifunga sahani, nikamwambia aongeze sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, maana Fils anaipenda. Sijamsamehe. Nimeongeza sombe tu.

Andika uniambie hali ya Alexis. Andika uniambie mnaishi vipi huko, sasa ambapo hakuna wa kulipa. Nimewauliza wenzangu wa garaji, kila mmoja atatoa anachoweza. Usikatae.

Shemeji yako,
Idrissa


Lusaka, 15 Novemba 2024

Shemeji Idrissa,

Mvua imenyesha kweli, nami safari hii sikuandikii habari zake ili kukwepa.

Wametuhamisha. Chumba kile cha kioo ni cha wanaolipa. Sasa Alexis yuko kwenye wodi kubwa na wagonjwa wengine wengi. Mwansa anapita kutuona akimaliza zamu yake. Vidonda vya shingo vinafunga. Daktari anasema mkono wa kulia utakunjuka, wa kushoto hana hakika nao. Huenda asishike tena kitu kidogo kama nati.

Ulichotuma kimefika. Sikukataa. Siko mahali pa kukataa.

Tangu niliporudi kutoka huko, Alexis hakusema nami. Namwosha, namgeuza, namnyunyizia maji midomoni, naye anatazama ukuta. Chakula anakubali kwa Mwansa, kwangu hafungui kinywa. Nilijiambia kwamba labda nimempoteza, kwamba moto ulimwacha na mimi nikamalizia. Nilianza kumchukia hata ukuta wenyewe.

Jana barua yako iliponifikia nilikaa kando ya kitanda, nikamsomea kwa sauti. Yote. Hata ulivyonuna. Sikujua kama anasikia. Nilipomaliza niliikunja, nikachukua bakuli la uji kwa mazoea tu, nikijua atakataa.

Bila kugeuka akauliza, "Fils, nani anamupelekea chakula?"

Nikamwambia, "Ramla. Nimekusomea sasa hivi."

"Soma tena pale."

Nikasoma tena pale. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa, mvua inapiga mabati, na mimi nimeshika bakuli kama mjinga. Kisha Alexis akageuza kichwa polepole, kwa sababu shingo bado inamvuta, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

"Uji iko moto?" akauliza.

Nikamwambia umepoa kidogo.

"Leta," akasema, akafungua kinywa.

Clotilde